Majani ya Mgomba Kwenye Meli ya Kipunji

Jumatatu, 9 Juni. Kyela

Chai, chapati mbili, kidonge cha presha. Tiketi ipo. Kitambulisho kipo. Tochi ina betri mpya. Kabini namba nne, kitanda kimoja. Karani wa tiketi aliuliza mara mbili niko na nani. Niko peke yangu.

Miaka ishirini na tisa nimeripoti habari za watu kutoka Mbeya. Hii ni likizo ya kwanza ninayoichukua nzima. Siku tano ziwani Nyasa, kwenda Mbamba Bay na kurudi. Sitaandika habari. Daftari hili si habari.

Meli inaitwa Kipunji. Imenizidi umri, nami nina hamsini na nne. Wameipaka rangi nyeupe, wakaweka viti vya kupumzikia juu, wanaiuza kama matembezi ya ziwa. Chini ni ileile ya abiria na magunia. Rangi mpya juu ya kutu hutoa malengelenge. Nimeyaona.

Nalala kwa Tusajigwe. Tulikaa chumba kimoja cha habari kabla hajaacha kazi na kurudi kulima mpunga. Amenikabidhi gunia la mchele, kilo hamsini, nimpelekee bintiye Neema aliyeolewa Mbamba Bay. Neema amejifungua wiki mbili zilizopita. Sikuulizwa kama nitaweza. Msafiri haondoki Kyela mikono mitupu. Amefunga jani la mgomba shingoni mwa gunia. Hiyo ndiyo alama ya zawadi.

Jumanne, 10 Juni. Asubuhi

Gatini kuna mizani. Mzigo hupimwa. Zawadi haipimwi, kwa sababu kupima zawadi ni kumpima aliyeitoa. Karani anauliza kitu kimoja tu, mzigo au zawadi. Mwenye jani anapita.

Nilisema zawadi. Nilisema kweli.

Mbele yangu mtu alipita na magunia tisa ya zawadi. Kila moja na jani lake. Nyuma ya ghala mwanamke alikuwa ameketi na kisu na fungu la majani. Anauza.

Ubavuni mwa meli kuna duara lililokatwa na mstari. Maji yasiufikie mstari. Nilifundishwa hilo zamani, nikiripoti ajali ambayo sitaiandika hapa. Saa mbili asubuhi mstari ulikuwa juu ya maji kwa shubiri moja. Saa nne, vidole vitatu. Tukang'oa nanga.

Jumanne, jioni. Matema

Tumetia nanga. Watalii sita wamepiga picha Milima ya Livingstone. Mimi nimepiga picha ubavu wa meli.

Hapa abiria huja kwa mitumbwi. Wamekuja arobaini hivi, na majani. Magunia yamejaa sitaha ya chini, yamepanda ngazi, yameziba mlango wa stoo ya maboya ya kujiokolea. Mstari hauonekani. Nimeinama hadi baharia akanishika mkono akidhani nazimia.

Pampu ya maji chini ya injini ilikuwa inalia na kunyamaza. Sasa hainyamazi.

Nina hofu. Naandika ili niione ilivyo. Si hofu ya kujisikia vibaya. Ni hofu yenye hesabu: meli nzee, mstari chini ya maji, upepo wa kusini kesho mchana, maboya nyuma ya magunia.

Abiria wengi ni Wangoni, wamekuja Kyela msimu wa mavuno, wanarudi Songea na Mbinga. Kuna Mzee Ngonyani, mwalimu mstaafu. Amejua mimi ni Mhehe tangu nilipotamka jina la ukoo.

"Mhehe juu ya maji!" alitangaza mbele ya wote. "Leo mbwa wa Kyela wamelala salama."

"Na panya wa Songea wameambiwa kwamba unarudi?"

Walicheka sana. Wahehe na Wangoni ni watani: wao hutuita wala mbwa, sisi huwaita wala panya. Babu zetu walipigana, sisi tukarithi matusi. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukucheka msibani. Anaweza kuchukua kuku wako akamla. Na ukifa, yumo katika kusimamia maziko yako.

Nilicheka nao. Masikio yalikuwa kwenye pampu.

Jumatano, 11 Juni. Saa moja asubuhi

Nimelala na viatu.

Nimekwenda kwa nahodha, Komba, Mngoni naye. Mtu mtaratibu, macho mekundu. Nilimwonyesha picha mbili za mstari, ya asubuhi ya jana na ya jioni. Hakubisha. Anajua. Alisema Lupingu ndipo pa mwisho pa kushusha, kijiji kina ghala. Kutoka hapo ni maji wazi na upepo.

Basi shusha, nilimwambia.

"Mzigo nitashusha hata sasa hivi, mama. Zawadi nitamwambiaje mtu? Nusu yao ni wakwe zangu. Msimu uliopita baharia wangu aligusa gunia la bibi mmoja, mpaka leo hatusalimiani ukoo mzima."

Nikamuuliza atafanya nini. Akasema atakwenda polepole.

Nimezisikia sentensi za namna hiyo mara nyingi. Kwa kawaida nazinukuu baadaye.

Jumatano, saa sita mchana. Baada ya Lupingu

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu tulitia nanga. Ziwa lilikuwa limeanza kukunja uso. Watu waliendelea kunywa chai. Nilimwomba Komba kipaza sauti. Hakuuliza cha nini. Nadhani alielewa kabla yangu.

Nikapanda juu ya magunia. Sauti haikutetemeka, hiyo ni kazi yangu.

Niliwaambia: Wangoni, mimi ndiye mtani wenu humu ndani, niko peke yangu. Meli hii imebeba kupita kiasi. Mkizama leo, kuwazika ni juu yangu. Nina mgongo mbovu. Siwezi watu mia moja. Kwa hiyo mchele wa matanga yenu nauchukua sasa hivi, mngali hai, na nauweka ghala la Lupingu. Atakayefika salama ataufuata wiki ijayo. Atakayezama, nitaula.

Pampu tu.

Kisha kicheko. Kilianzia nyuma kwa akina mama. Mzee Ngonyani alisimama, akavua kofia.

"Na lako, Mhehe? Nimekuona ukipanda na jani."

Hilo sikuwa nimelipanga. Nilikuwa nimepanga ya wenzangu. Gunia la Tusajigwe lilikuwa kabini kwangu, chini ya kitanda, mbali na macho. Kilo hamsini za mama kwa mwanawe aliye kitandani kwa uzazi. Nilisimama pale na kipaza sauti nikitafuta sababu kwa nini langu ni tofauti. Nilizipata sababu tatu. Kila mtu pale alikuwa nazo.

Nikaenda kulivuta mwenyewe hadi kwenye ngazi. Mtumbwi wa kwanza ukalipokea.

"Haya!" Mzee Ngonyani alipiga kelele. "Mhehe amekwisha kujizika. Nani anabaki?"

Alishusha yake manne. Wakashusha wote, wakitukana. Nimetukanwa leo kuliko miaka yote ya kazi. Mwanamke mmoja aliapa kwamba nikiugusa mchele wake nitabweka. Wanyakyusa waliokuwemo si watani wangu. Walishusha kwa aibu ya kubaki peke yao. Yule wa magunia tisa alijaribu kukaa juu yake. Akina mama walimwinua pamoja na gunia alilokalia.

Magunia sitini na nne. Ghala lina kufuli, mtendaji wa kijiji ameandika majina. Mlango wa maboya uko wazi. Mstari umetoka majini, vidole viwili. Nimeuangalia mara tano.

Vidole viwili si vingi.

Jumatano, saa kumi

Upepo. Mawimbi yanapiga upande. Viti vya watalii vimefungwa kamba. Wimbi moja limepita juu ya sitaha ya chini, pale magunia yalipokuwa. Maji yaliingia hadi kifundo cha mguu, yakatoka. Yangekuta mchele, yasingetoka.

Hakuna anayenitukana. Hilo ndilo linalonitisha. Mzee Ngonyani anashika rozari. Nimevaa boya. Natapika. Naandika kati ya matapishi.

Pampu inalia. Mradi inalia.

Alhamisi, 12 Juni. Mbamba Bay

Tumefika saa mbili asubuhi. Wote. Komba aliniita mtani badala ya mama, akashika mkono wangu kwa mikono miwili.

Nimekwenda kwa Neema. Mtoto wa kike, ana nywele nyingi. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akanitazama usoni, kisha akatazama mikono. Kisha akatazama nyuma yangu, kama kuna mtu anabeba. Nilieleza. Alisema, "Tumesikia," kwa heshima. Alitandika mkeka. Hakuamini, au aliamini na bado ilimuuma. Yote mawili yananistahili.

Nimeona aibu. Ningelishusha tena.

Jumamosi, 14 Juni. Kyela

Tumerudi. Ziwa tulivu, meli nyepesi, tulibeba samaki wakavu na watu. Mstari ulikuwa juu ya maji shubiri nzima. Hata hivyo sikuvua viatu.

Hatukupita Lupingu. Magunia yatachukuliwa safari ijayo ya kwenda Mbamba Bay.

Nimemweleza Tusajigwe. Alisikiliza hadi mwisho kama alivyokuwa akisikiliza chumba cha habari. Kisha akauliza kama jani lilikuwa bado limefungwa nilipolishusha gunia. Nilisema ndiyo. Akaenda kuchochea moto.

Jumapili, 15 Juni. Ilomba, Mbeya

Nyumbani. Nimefua. Nimelala mchana kwa saa tatu, bila viatu. Kesho kazini.

Saa kumi na moja Komba alipiga simu. Meli inaondoka Jumanne. Magunia sitini na nne yanamsubiri Lupingu. Na gatini Kyela, alisema, mwanamke wa majani amekuja na mkokoteni.

Nilimwambia aweke mizani mlangoni. Alisema ameweka. Watu wanaisalimia na kupita.

Akauliza likizo yangu imebaki siku ngapi. Hakuna. Nilisikia pampu nyuma yake, au nilidhani nimeisikia.

Nimekaa barazani hadi chai ikapoa. Nimepiga hesabu za Jumanne. Vidole viwili, ukitoa uzito wa magunia sitini na nne na wa mkokoteni mzima wa majani.

Kisha nikapiga simu kwetu Ipogolo, kwa dada yangu Ester. Mkunga mstaafu, mjane, ana miaka sitini na moja na ulimi ambao hata mimi nauogopa. Hajawahi kuliona ziwa. Nilimweleza kila kitu, pamoja na wimbi. Sikupunguza. Namtuma dada yangu kwenye meli nilimolala na viatu, awe mtani wa Wangoni badala yangu, na nimemwambia hivyo.

Aliuliza kama Wangoni watakuwa wengi. Wengi sana. Alicheka.

Atapanda basi alfajiri. Aliuliza abebe nini. Nikasema sweta, dawa zake, na asipokee kitu kwa mtu yeyote njiani.