Mlingoti Mpya, Mkuku wa Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla spana yangu haijagusa bolti au kabla kaka yangu hajazama, maana moja kati ya hayo mawili litatangulia na mimi sijui nizuie lipi.

Mimi ni mwanamke fundi wa mashua, kazi nimeirithi kwa marehemu baba, na karakana ninayofanyia ni ile ile aliyoiacha, imetazamana na dirisha la jiko la mama. Baba alituachia mashua ya mashindano aliyoiunda mwenyewe kwa mbao, nzito na imara, akaiita Bibi Harusi kwa kuwa mama alikuwa bibi harusi mpya wakati inaundwa, na enzi zake ilikuwa ikianza kukimbia wenzake wanabaki kuuliza imepitia wapi. Enzi hizo zimekwisha, mshauri. Siku hizi watu wanashindana na maboti mepesi ya kaboni, yanateleza kama sabuni kwenye beseni, na Bibi Harusi wetu anakuja nyuma anahema. Msimu uliopita tulifika wa mwisho waamuzi wameshaanza kukunja viti, watu wanapiga miluzi, na mama alikuwa amekaa pale gatini anaona yote, akaniambia, "Mwanangu, fanya unavyojua, lakini sitaki tena kumuona Bibi Harusi akichekwa." Nikafurahi, mshauri, maana nilikuwa nangoja ruhusa hiyo miaka. Ndipo akaongeza, "Ila mkuku usiuguse."

Mkuku ni ule uzito wa risasi uliofungwa kwa bolti chini ya tumbo la mashua, ndio unaoizuia isipinduke. Wa kwetu baba aliusubu uani kwetu, akaokota mabomba ya zamani na betri mbovu, mama akatoa sufuria lake kubwa kuliko yote, likaharibika moja kwa moja, wakayeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, lile sanduku la mchanga linaloipa umbo. Kabla ya kumimina, baba alikandamiza kiganja chake kwenye ule mchanga, basi mpaka leo kiganja kimetokeza ubavuni mwa mkuku, na vidole vyake vyote, na kila tukiipandisha mashua nchi kavu mama huja kukishika kimya kimya kisha anarudi jikoni kwake. Kaka, ambaye ndiye nahodha, hutania kwamba kiganja hicho kinashika maji na kutuchelewesha, lakini hathubutu kusema mbele ya mama.

Nikaahidi, nikaingia kazini. Nilikata sehemu ya nyuma iliyokuwa imechongoka nikaifanya pana na bapa, nikang'oa sitaha nzito nikaweka nyepesi, nikaifunika mbao ya baba kwa faiba na gundi mpaka ikang'aa, na mwisho nikasimamisha mlingoti wa kaboni, mrefu kuliko wa zamani kwa kimo cha mtu mzima na zaidi, na tanga pana la kufanana nao. Hapo ndipo nilipoharibu, na fundi yeyote akisoma hapa atashika kichwa, kwa sababu ukirefusha juu lazima uzito ushuke chini, na mkuku wa baba ni mfupi na mnene, wakati mashua ya namna hii inataka ubapa mwembamba unaozama chini sana na donge la risasi mwishoni kabisa. Nilijua. Nilijua nikiwa nakaza kamba za mlingoti, lakini nilikuwa nimemwahidi mama, nikajidanganya kwamba itajiweza.

Tukaitoa kuijaribu, upepo wa kawaida tu, ikaruka mbele mpaka nikapiga kelele kwa furaha, halafu ikalala ubavu tanga likalamba maji, kaka akarushwa, akagonga bega, akaingia baharini. Nilimvuta kwa kola ya shati. Unajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? "Umeona ilivyokimbia kabla ya kulala?" Anacheka! Ile mbio imempanda kichwani, anasema kwenye mashindano ya kufungua msimu ataingia nayo hivyo hivyo, atatafuta mabaharia wazito wakae upande unaoinuka.

Mama tulimwambia kaka ameanguka ngazi. Akamkanda bega kwa maji ya moto, akauliza, "Ngazi yenyewe ilikuwa imeloa?" Nikaenda kumwongezea maji ya moto. Juzi akaniambia kivuli cha mlingoti siku hizi kinafika mpaka kwenye sinki lake na zamani kilikuwa kinaishia ukutani, nikamjibu, "Ni jua la msimu huu, mama."

Ubapa mpya wa chuma uko tayari, nimeuegemeza ukutani chini ya turubai. Mtu wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma anasema nimpelekee mkuku wa zamani autie tanuruni, naye anipe donge jingine alilokwisha kulisubu, kwake risasi ni risasi. Kurudisha mlingoti wa zamani sitaki, nisikudanganye, mashua hii inaweza kushinda, naisikia mikononi mwangu. Lakini nikiuacha mkuku kaka atapinduka, na nikiuondoa nitakuwa nimemzika baba mara ya pili mbele ya macho ya mama. Nimewaza nimsubiri aende kumtembelea dada yake, niubadilishe haraka, nipake rangi ile ile, na yaishe. Nishauri, dada yangu, usingizi umenihama.

Ni mimi, Fundi wa Bibi Harusi.

*

Fundi wa Bibi Harusi,

Pole kwa kumpoteza baba, na hongera kwa mikono uliyorithi. Upole wangu umeishia hapo, sasa sogea karibu.

Jua la msimu huu? Mwanangu! Umemwambia mjane wa fundi wa mashua, mwanamke aliyekaa dirishani akitazama milingoti maisha yake yote, kwamba jua limeamua kumrefushia kivuli? Kwenye safu hii nimepata watu walioficha madeni, walioficha mimba, hata mmoja aliyeficha mke wa pili nyumba ya jirani. Aliyejaribu kuficha mlingoti wewe ndiye wa kwanza.

Mama yako anajua. Isome tena barua yako, imo humo humo. Alipouliza kama ngazi imeloa alikuwa anakufungulia mlango, na alipokutajia kivuli kwenye sinki akaufungua tena, akasimama pembeni akusubiri. Mara zote mbili umempita kama humuoni. Sasa yuko pale jikoni anaosha vyombo ndani ya kivuli cha uongo wako, na bado hajakugombeza. Mimi ningekuwa nimeshavuka ukuta na mwiko.

Mashua mimi sizijui. Kwenye kivuko nakaa katikati, nimefumba macho, nimeshika mkono wa yeyote aliye jirani. Ila watu nawajua. Mama alikuomba usiuguse mkuku siku ambayo hakuna aliyemwambia kwamba mlingoti utarefuka. Ungemwambia, angekuuliza swali moja tu: je, mwanangu atarudi? Hukumpa nafasi ya kuuliza. Kurefusha mlingoti si kosa, ndiyo kazi yako na alikuruhusu. Ulipomkosea ni pale ulipomfanya mgeni kwenye mashua iliyomlia sufuria lake.

Na huo mpango wa kumsubiri asafiri kisha upake rangi ile ile, ufute leo. Siku mashua itakapopandishwa nchi kavu mama atakuja kukishika kiganja, apapase, akikose. Utamwambia nini, kwamba nacho kimechukuliwa na jua?

Sasa kaka. Mpe gazeti hili asome kuanzia hapa. Wewe nahodha, hao mabaharia wazito unaotaka kuwakalisha upande unaoinuka nao wana mama zao. Mdogo wako amekuvuta kwa kola, umetoka majini unasifia mbio! Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwako bado zima, basi lisikie: mashua hiyo haitoki.

Fundi, usitegemee busara yake. Ng'oa usukani leo leo, uupeleke nyumbani, uuweke chini ya kitanda chako. Bila usukani hata kichwa ngumu hafiki mbali.

Ukishautoa, nenda kwa mama, mchana kweupe, na uende peke yako, maana huyo kaka atacheka pasipochekwa. Usianze na hesabu za uzito wa juu na wa chini. Anza na bega. "Mama, hakuanguka ngazi." Atakugombeza, ugombezeke, usijitetee hata kwa neno. Akimaliza mshike mkono mvuke hadi karakana, mfunulie turubai, mwonyeshe ubapa mpya na umweleze kama unavyomweleza fundi mwenzako, kwa sababu alichochea moto ule kabla wewe hujazaliwa. Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, umwache afikiri mpaka atakapochoka.

Akikataa, mlingoti wa zamani unarudi. Najua linauma, nimesikia ulivyoandika kuhusu mikono yako, lakini Bibi Harusi akichekwa atapona na kaka yako akizama hatapona. Chagua mashua ya baba nzima au mashua yako nzima. Hiyo ya nusu kwa nusu, baba chini na wewe juu, siiruhusu hata kwa dakika moja.

Ila sidhani kama atakataa. Yule mtu wa kiwanda amekwambia risasi ni risasi, ukaandika ukapita. Baba yako naye aliamini hivyo hivyo! Risasi yake ilikuwa mabomba ya watu na betri za watu, hakuona haya kuitia motoni igeuke mashua. Mwambie mama hivyo. Mwombe ruhusa mkikate kwanza kile kipande chenye kiganja, kizima, kiende kwake, akiweke anapopenda, hata juu ya sinki. Risasi yote iliyobaki ndiyo iwe donge la mkuku mpya. Usikubali donge la mtu mwingine, simama hapo hapo kiwandani mpaka uone ya kwenu inaingia tanuruni na ya kwenu inatoka. Itashuka chini kuliko alivyoishusha baba, na itawashikilia watoto wake wasipinduke.

Siku ya kusubu, kalibu ikiwa tayari na moto bado haujawashwa, mpeleke mama. Moshi wa risasi ni sumu, kwa hiyo asikae hapo, ni dakika chache tu kisha mrudishe nyumbani. Lakini kabla hajaondoka, mwache akunje mkono wa gauni na akandamize kiganja chake kwenye mchanga.

Kaka yako akilalamika kwamba hicho nacho kitashika maji na kumchelewesha, mwambie ndicho kilichomkanda bega. Akiache kimshike.