Mitra Wetu, Mithra Wenu

North York, Toronto,
14 Novemba 2023.

Mpendwa wifi yangu Khorshed,

Hujambo, na goti lako linaendeleaje? Adil na watoto hawajambo? Sisi huku tupo, mwili unatembea ingawa moyo umelala.

Simu ilikupa habari ya msiba wa kaka yako. Yaliyofuata sikuweza kuyasema kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua tangu Feroz anioe, mimi binti wa Kihindu wa Moshi, Baba yenu hakuwahi kuniita kwa jina. Miaka ishirini na tisa, na kumi kati ya hiyo tukiishi nyumba moja. Alisema miungu tunaowaita deva na kuwaabudu, dini yenu ya Kiparsi inawahesabu mashetani.

Wiki ya mwisho hospitalini, Feroz alimwambia, "Baba, neno moja tu, hilo deva, ndilo lililogeuka. Mithra wetu, kina Hira wanamwita Mitra. Hapo kale wazee wetu na wao walisali pamoja, kisha wakaachana." Baba akatazama dirishani. Siku mbili baadaye Feroz akafariki.

Alfajiri ya siku ya nne baada ya kifo, ambayo kwenu roho husimama mbele ya Mithra ihukumiwe, kasisi wenu alikuja kusali. Baba akaniambia nisubiri nje ya chumba, kwa kuwa mimi si wa dini yenu. Sikubishana. Nilisimama ukumbini nikisikia jina la mume wangu likitajwa nyuma ya mlango.

Mara mlango ukafunguka. Alikuwa Baba.

"Hira," akasema. "Ingia. Mwombe Mitra wenu, nami nimwombe wetu. Mwanangu asiende na dua ya upande mmoja."

Nilikumbuka mistari michache tu niliyofundishwa na bibi. Niliisema yote mpaka mwisho. Baba alinishika mkono, akalia kama sijawahi kumwona akilia, akasema, "Nimechelewa, mwanangu."

Wifi, ni kweli amechelewa. Feroz alitamani miaka yote ya ndoa yetu Baba aniite 'mwanangu', na hakulisikia neno hilo.

Sasa Baba ananiita kila asubuhi tunywe chai. Naenda, namimina, nakaa. Furaha bado sina, wala sitaki kumdanganya mzee. Mpigie simu; anakuulizia.

Nisalimie Adil, watoto, na jirani yako Asumpta aliyetutumia rambirambi. Mungu awape afya, awaepushe na msiba mwingine.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Hira