Kakere Avaa Rimu za Spoti

Ijumaa, 3 Novemba 1989

Zimefika! Nimetoka shuleni na chaki bado vidoleni, sikupita hata nyumbani. Fundi Theoneste alikuwa mlangoni mwa gereji yake anacheka peke yake. Dereva wa lori kazileta kutoka ng'ambo, kupitia Murongo, zimefungwa ndani ya gunia la kahawa. Rimu nne za spoti. Alumini tupu! Nilidhani nitaona kitu cha kufanana na sufuria. Wapi! Zimechongwa kama ua la alizeti, na ukizielekeza kwenye jua inabidi ufumbe macho.

Nimeinua moja kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Ile ya chuma huwa naikumbatia kama mtoto aliyelala. Theo akasema ndiyo faida yake, Mwalimu, gari jepesi linataka viatu vyepesi.

Gari ni lake, si langu. Naandika hivyo ili nijikumbushe. Aliachiwa na mpima ardhi Mholanzi aliyemaliza kazi akarudi kwao, maana Theo ndiye aliyekuwa akilifufua kila lilipozimika. Viti viwili, paa la turubai, rangi ya kijani, na liko chini hivi kwamba mbuzi akipita mnaangaliana uso kwa uso. Watoto wa Kayanga wanaliita Kakere, yaani kachura. Wazee wanauliza linabeba mikungu mingapi ya ndizi. Halibebi hata mmoja. Linanibeba mimi na Theo, basi.

Shangazi Costansia ameniuliza mbona naucheka ukuta. Nikamwambia, rimu. Akasema, "Jovitha waitu, mimi nilidhani posa."

Jumamosi, 4 Novemba

Kucha zangu zimekwisha. Asubuhi nzima tumebandua matairi kwenye rimu za zamani. Theo anapenyeza chuma, mimi nakanyaga tairi, kidogo kidogo hadi linakubali. Moja ya zile rimu kumbe ilikuwa imepinda kama kikombe kilichoanguka! Ndiyo maana usukani ulikuwa ukitetemeka. Tukavalisha matairi kwenye zile mpya kwa maji ya sabuni, tukajaza upepo, tukasikiliza. Kimya. Hakuna kinachovuja.

Kisha tukapandisha gari kwenye jeki. Nikashika rimu ya kwanza mwenyewe, nikaisogeza — matundu yote manne yakakaa! Nikapiga kelele mpaka fundi baiskeli wa jirani akatoka na spoku mkononi.

Halafu nati. Ilizunguka kidogo, ikagota.

Theo akaitoa, akairudisha. Akanionyesha: zile stadi, vyuma vinavyochomoza kwenye habu kupokea nati, ni fupi. Rimu ya alumini ni nene kuliko ya chuma, imezimeza karibu zote. Nati inashika nyuzi mbili tatu tu.

Nikasema, "Lakini si inashika?"

Akasema inashika gari likiwa limesimama. Kwenye mteremko wa kwenda Kyaka tutaliona gurudumu likitutangulia.

Tukabandua matairi yote tena. Tukayarudisha kwenye chuma. Ilibaki kidogo nilie, mtu mzima, kwa sababu ya nati!

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Senene wameanza kuanguka, darasa zima macho dirishani. Theo ameuliza stadi ndefu kila mahali, hakuna. Leo nilikuwa nafundisha duara. Nikajikuta nimechora na matundu manne katikati. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hicho ni kifungo?" Nikasema ndiyo, kifungo.

Jumamosi, 11 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nimeendesha! Lakini nianze na stadi.

Nyuma ya ghala la ushirika kuna pikapu iliyokufa zamani, kuku wanatagia ndani. Theo akaona stadi zake — ndefu, uzi uleule. Akaomba kwa msimamizi wa ghala, akaruhusiwa, mradi asiwaguse kuku. Leo tumezing'oa zile fupi na kuzigongelea hizi. Matairi tukayahamishia tena rimu mpya. Rimu ikaingia. Nati ikaanza kuzunguka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka! Theo alikuwa ananitazama mimi, haitazami nati.

Akanipa spana. Nisikaze moja mpaka mwisho nikahamia ya pili yake, la. Unakaza kwa msalaba, hii halafu ya mkabala wake, ili rimu ikae sawasawa. Nati za rimu zote nne nimekaza mimi. Yeye kapitia tu. Hakuna aliyoiongeza hata kidogo!

Tulipolishusha tukarudi nyuma kulitazama. Mungu wangu. Kakere si kachura tena. Limekaa kama mtu aliyevaa suti ya harusi.

Akazunguka, akaketi upande wa abiria. Nikamwambia umekosea kiti. Akasema hajakosea.

Mpaka leo nilikuwa naendesha kwenye uwanja wa mpira tu, tena asubuhi kabla watu hawajaja. Leseni sina. Nikasema hivyo. Akasema twende polepole mpaka Omurushaka, trafiki mwenyewe yuko kwenye senene.

Polepole! Nani aende polepole! Usukani umekuwa mwepesi, ukifikiria tu kona gari limeshaikata. Hakuna kutetemeka. Turubai tumelikunja, upepo, harufu ya udongo uliolowa, migomba inapita pande zote mbili, akina mama na ndoo zao za senene wanatupisha na kupiga vigelegele kana kwamba sisi ni maharusi. Nimecheka mpaka mashavu yanauma. Njiani tukasimama kukaza nati tena. Lazima, anasema, rimu mpya hukaa vizuri baada ya mwendo. Tulipokuwa tumechutama pale, yeye gurudumu la mbele mimi la nyuma, akasema bila kunitazama, "Nikiwa humu na wewe hakuna anayeniuliza nimetoka wapi."

Amezaliwa Nyakatuntu. Baba yake, mzee Mbonimpa, ndiye aliyekuja kutoka Rwanda na jembe lake, akalima mashamba ya wengine mpaka mgongo ukapinda. Lakini mtoto bado wanamwita mtu wa kuja.

Nilikaza nati iliyokuwa imeshakazwa.

Jumapili, 12 Novemba

Tata kaja kutoka Chonyonyo kumwona binti yake, kasali nasi, kala chakula cha mchana kwa Shangazi. Theo akaja kumsalimia. Akapiga goti moja kabisa. "Shikamoo, mzee Rweyemamu." Tata akaitikia vizuri. Akatoka nje kuangalia gari. Nilimwona akipitisha kidole kwenye rimu, kisha akajitazama humo, akaweka kofia sawa! Nikajua limempendeza.

Lakini tulipoketi akasema wazi, Theo akiwepo. Tata hana hasira, ndicho kinachoniumiza.

"Kijana, una adabu na una kazi. Ukatoliki wako tutauzungumza na wachungaji. Kibanja chako kiko wapi?"

Theo akasema bado.

"Basi mwanangu ukimwoa utamzika wapi?"

Shangazi akasema kaka, mtoto hajaolewa wewe unamzika! Tata hakucheka. Akasema akipata kibanja, hata kidogo, hata cha migomba michache, aje na wazee wake, yeye atachinja. Bila hivyo asije.

Theo akasema, "Nimesikia, mzee." Akaondoka kwa miguu. Gari kaliacha uani kwetu, mvua ilikuwa inakuja na hapa pana kibanda.

Jumatano, 15 Novemba

Rimu zilikuwa za kuuzia gari.

Kaniambia leo, ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Alijua siku nyingi Tata atauliza nini. Kuna kibanja Nyakatuntu, jirani na baba yake, migomba na kahawa, mwenye nacho anahamia Biharamulo. Na kuna mtu wa Bukoba anaitwa Cassian, mwenye hoteli, analitaka Kakere tangu mwaka jana, ila alisema hanunui kitu chenye magurudumu ya kutu. Ndipo Theo akaagiza rimu. Cassian anakuja Jumamosi.

Nikasema vizuri.

Kisha nikaenda nyuma ya gereji nikapiga teke dumu tupu. Limeniumiza kidole. Nimekasirika halafu sina wa kumkasirikia! Anauza kitu anachokipenda kuliko vyote ili anioe. Mwanamke gani analia kwa sababu hiyo?

Lakini angeniambia. Nilipokuwa nakaza zile nati nilidhani nakaza kwa ajili yetu.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimeenda hata hivyo. Kulikuwa na kazi moja imebaki na siwezi kuacha kazi nusu.

Wakikaa watu wawili na gari likipita kwenye shimo, tairi la nyuma linagusa ukingo wa bodi. Krrr! Rimu hizi zinatoa tairi nje kidogo kuliko za zamani. Dawa yake ni kuukunja ukingo kwa ndani kwa nyundo, taratibu, na ubao chini ili rangi isipasuke. Mimi nilishika ubao. Hatukuongea sana. Nyundo ikateleza ikampata kifundo cha mkono wa kulia.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, rangi ikamtoka usoni. Hakijavunjika, vidole vyote vinacheza, ila kimevimba kama kiazi. Shangazi kamfunga kitambaa cha maji baridi. Usukani hawezi kushika.

"Kesho utaendesha wewe, Mwalimu," akasema. "Cassian hawezi kununua gari bila kulisikia likitembea."

Kwa hiyo mimi ndiye wa kulionyesha! Nikasema sawa. Nikamketisha Shangazi kitini kuwa mzigo wetu, nikapita naye kwenye kila shimo la barabara ya hospitali. Shangazi anaita watakatifu wakati sisi ni Walutheri! Hakuna krrr. Kimya kabisa. Tumemaliza. Limekamilika, kila kitu. Nilirudi nikimpigia Theo honi kutoka mbali, tukasahau kwa muda kwamba tumenuniana. Alikuwa anarukaruka na mkono wake kifuani kama kuku wa bawa moja.

Nimefurahi kama mjinga. Na kesho linaondoka.

Jumamosi, 18 Novemba

Naandika haraka. Wako nje.

Cassian alifika asubuhi. Nilitaka awe mtu mbaya. Si mbaya, ni mnene, mcheshi, kaleta sukari kwa Shangazi. Aliponiona naingia upande wa usukani akasema lo, leo naendeshwa na mwalimu, nisije nikachapwa. Tukaondoka. Theo akabaki amesimama barabarani.

Nilikuwa nimefikiria usiku kwamba naweza kuliendesha vibaya. Kuchelewesha klachi, kugonga mashimo. Ingekuwa rahisi! Sikuweza. Nilipoingiza gia ya tatu kule kwenye tambarare mikono yenyewe ilikataa kufanya vibaya. Tumekwenda kama tulivyokwenda siku ile, kona moja baada ya nyingine. Cassian kashika kofia yake anacheka, anasema hii ni ndege, hii ni ndege!

Nikamuuliza, utakuwa unaliendesha mwenyewe?

Akasema ah, mimi na tumbo hili? Hapana. Nitalipaka rangi nyekundu, nilipandishe juu ya matofali mbele ya hoteli, wageni wapige picha. Rimu hizi, akasema, zitang'aa mpaka ziwani.

Juu ya matofali.

Tulifika, Theo akaja kumfungulia mlango kwa mkono wa kushoto. Cassian akatoa bahasha kwenye koti, pale pale, hakutaka hata kupunguziwa bei. Theo akanyoosha mkono.

Nikasema, "Haliuzwi."

Nilisikia sauti kabla sijajua ni yangu. Cassian akacheka, akadhani nataka aongeze. Shangazi akashika mdomo. Theo hakucheka wala hakukasirika, alinitazama tu, bahasha iko hewani kati yao. Nikaingia ndani.

Sasa Cassian anazunguka gari, anagusagusa matairi kwa ncha ya kiatu. Shangazi ameinjika chai maana hajui la kufanya. Theo amekuja mlangoni. Ameuliza taratibu, wasisikie wa nje:

"Jovitha." Hakusema Mwalimu. "Umesema gari haliuzwi, au umesema utaolewa bila kibanja?"

Nimemwambia asubiri, naandika. Amesubiri kweli! Ameketi kizingitini, mgongo kwangu, mkono uliofungwa uko gotini. Na Tata je? Tata hatachinja. Tata atasema nimezikwa juu ya barabara. Najua. Nimeyafikiria yote hayo na bado moyo unaenda mbio kama nimeshika usukani.

Nimemjibu. Nimesema, "Yote mawili."

Hajageuka. Ameinuka, amejipangusa suruali. Anatembea kuelekea kwa Cassian, polepole, na sioni uso wake, nimesimama dirishani na daftari mkononi. Cassian ameacha kuzungukazunguka, anamngoja, bahasha bado anayo. Theo amefika. Anafungua mdomo —