Karatasi Mbili za Lonvat

Melmaru, Malakula
3 Juni 1984

Kaka Firmin,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima. Baba anakohoa, lakini bado anagombana na kuku, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Na wewe? Mkono ule uliobanwa na mashine umepona?

Nakuandikia kwa sababu ya shamba la Lonvat. Tangu uhuru mashamba ya wazungu yamerudi kwa wenyewe, na sasa mahakama ya kisiwa inataka kujua mwenyewe ni nani: sisi, au ukoo wa mzee Rambe wa ng'ambo ya mto. Shauri ni Agosti. Baba amekuta karatasi mbili katika sanduku aliloacha mzungu wa shamba hilo. Ya Kiingereza nimeisoma mimi. Inasema mwaka 1911 Lonvat iliuzwa na babu yake Baba, Melip, "mwenye ardhi." Baba alifurahi mpaka akakosa usingizi. Wajua nusu ya viazi vikuu tunavyokula vinatoka kule.

Ya pili ni ya Kifaransa, kurasa nne; nimeitia humu ndani ya bahasha. Hapa anayekijua ni katekista peke yake, naye ni mtoto wa Rambe. Baba hataki hata aione. Si ndiyo maana tuligawanywa, wewe kwa mapadri wa Kifaransa na mimi kwa wachungaji wa Kiingereza, ili nyumba yetu isidanganywe na serikali yoyote kati ya zile mbili zilizotutawala pamoja? Haya, Mkate Mrefu, kama tulivyowaita ninyi wa shule ya Kifaransa, fanya kazi yako.

Mdogo wako,
Edna

Melmaru
15 Julai 1984

Kaka,

Hujambo? Sisi tupo, ila roho yangu haijatulia. Wiki sita sasa, kimya. Nahodha wa meli anasema alikukabidhi bahasha mkononi.

Heri niseme. Mwaka ule wa uhuru, walipokukamata huko Santo na wenzako wa upande wa Wafaransa mlioiasi serikali mpya, nilikuja huko na vijana wa chama kilicholeta uhuru. Nilipita nje ya uzio mlimofungiwa, nikakuona, nikaendelea kuimba. Baba alipokukana mbele ya watu sikufungua mdomo. Nilijiona nimesoma katika shule iliyoshinda. Miaka minne nimeona haya. Nisamehe, kaka. Kama hutaki kusoma karatasi, irudishe tu. Bado wewe ni kaka yangu.

Edna wako

Luganville, Santo
29 Julai 1984

Mdogo wangu Edna,

Nashukuru mko salama. Mkono umepona, ila kidole kimoja kimegoma kukunjika. Mwambie Baba awaache kuku wa watu.

Kimya changu hakikuwa cha hasira peke yake. Karatasi niliisoma siku ile ile, nikakosa la kuandika. Ni nakala ya barua ambayo yule mzungu wa Lonvat aliiandikia serikali yake ya Kifaransa, miezi mitatu baada ya karatasi ile yako ya Kiingereza. Analalamika kwamba wenye ardhi, watu wa ukoo wa Rambe, wameteremka kutoka mlimani na wanang'oa miche yake ya minazi. Anaomba manowari. Ukurasa wa tatu anamtaja Melip. Alikuwa mkalimani wake tu, akapewa bunduki na tumbaku ili ajiite muuzaji. Basi mzungu huyu kwa Mwingereza aliapa kwamba amenunua kwa mwenyewe, na kwa Mfaransa akaomba mizinga ya kumfukuzia huyo mwenyewe. Alijua serikali zile mbili hazionyeshani barua.

Nakurudishia kurasa zote. Baba akisikia atanikana mara ya pili, nami sijui kama nitavumilia. Ukitaka, zitie motoni. Hakuna atakayejua ila sisi wawili. Lakini usiniombe nitafsiri kinyume. Hilo sitalifanya, hata kwa viazi vya dunia nzima.

Habari ya kuimba: nami nilikuona. Ulikuwa unaimba vibaya sana. Yamekwisha.

Kaka yako,
Firmin

Melmaru
26 Agosti 1984

Kaka Firmin,

Barua hii ikukute ukiwa mzima, umekaa chini.

Sikuchoma kitu. Nilimsomea Baba barua yako jikoni, neno kwa neno. Akainuka, akaacha sahanini laplapu yake ya ndizi zilizosagwa na kuokwa, akakaa siku mbili bila kusema na mtu. Nililia, maana niliona nimekupoteza tena, safari hii kwa mdomo wangu.

Siku ya shauri akavaa shati la kanisani. Alipoitwa hakudai chochote. Alimpa katekista ile barua ya Kifaransa, akamwambia aisome yeye, watu wasije wakasema watoto wake yeye Massing wamejitungia. Katekista akasoma vizuri, mpaka alipofika kwenye jina la babu yake mwenyewe aliyeng'oa minazi. Hapo akalirudia kulisoma mara ya pili. Baba akasimama.

"Niliwagawa watoto wangu katika shule mbili ili wazungu wasinidanganye," alisema. "Sikujua ndio watakaonizuia na mimi nisidanganye."

Mzee Rambe ndiye aliyecheka kwanza. Lonvat ni yao. Baba amewapa, kwa kupatana, yule nguruwe wake mwenye meno yaliyojipinda, aliyemlea kuliko alivyotulea sisi. Nao wamesema viazi vyetu tuendelee kulima, ila kila mwaka tuombe ruhusa. Tutaomba. Kuomba si kufa.

Jana akaniuliza unarudi lini. Nikamwambia aulize mwenyewe. Akakuna goti, akaniamuru nichukue kalamu, nisipunguze wala nisiongeze:

"Firmin. Nilikukana mbele ya watu. Meli inapita Jumatano. Njoo nikuite mwanangu mbele ya hao hao."

Mdogo wako,
Edna