Mababu wa Kubandika

Jumapili, 5 Oktoba

Somo tena. Nimetoka kazini Wattaya bado nanuka nta ya magari, Mwalimu Hamadi keshakaa sebuleni na kahawa yake. Mtihani wa Kiingereza nimefeli mara mbili. Si ujinga. Mtihani wenyewe hauna akili. Pale shorumu nimemuuzia gari mtu aliyeingia kuuliza choo kiko wapi.

Hamadi kasomea Uingereza. Kati ya mambo yote ya duniani, kachagua Waingereza wa kale, kabla hata hawajawa nchi moja. Kila pembe na mfalme wake. Basi na Kiingereza ananifunza kwa hao hao. Leo jumba la mfalme. Refu, la mbao, moto katikati. Wakubwa karibu naye, wadogo mlangoni. Yeye anagawa pete na mapanga, wao wanamuapia kumfia. Nikamwambia hiyo ni majlis ya Ami Nassor, ndugu yake Baba, anapokaa na wageni wake; toa pombe tia halwa. Kacheka. Dada Rayya naye kacheka, jikoni. Nimesikia.

Jumatano, 8 Oktoba

Nasaba za wafalme. Hii kali. Kila mfalme alitaka ajulikane kuwa katokana na sanamu lao la vita, mungu waliyemuabudu. Wakaingia Ukristo. Sanamu sasa haramu, lakini kulifuta hawataki, heshima itapotea. Wakaligeuza mtu. Babu wa kawaida tu. Nyuma yake wakabandika mababu wengine mpaka mtoto wa Nuhu aliyezaliwa safinani, mpaka Adamu. Na waandishi wenyewe watu wa dini. Hawana haya.

Tena mfalme akipata nguvu kuliko jirani yake, nasaba inarefuka.

Hamadi kasema neno nimelipenda: "Usitazame nani kamzaa nani. Tazama nani alikuwa na nguvu siku ilipoandikwa."

Jioni Mama kanambia Hamadi anamtaka Rayya, na Rayya karidhia. Mie nilijua zamani. Nyumba hii hakuna aniulizaye kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chakula kwa Ami. Tangu Baba afariki yeye ndiye walii wetu, bila yeye Rayya haolewi. Mama kalitoa jambo taratibu, baada ya wali. Ami kauliza moja tu: Hamadi bin nani bin nani? Mama kamtaja baba mtu, fundi wa mashine za boti Qurayyat, pwani hii hii ya Omani. Kamtaja babu, Juma, mchuma karafuu kule Pemba. Hapo kakwama.

Ami kafuta mikono, akaanza ya kwake. Hufanya hivi kila harusi na kila msiba. Mababu kumi na wawili, wa mwisho alikuwa na ngome mlimani. Alipomaliza akasema, "Mtu hajui katoka wapi, binti yetu atampeleka wapi?"

Rayya kaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Namchukia Ami. Kesho labda simchukii, maana simu hii ninayojivunia kaninunulia yeye. Leo namchukia.

Jumapili, 12 Oktoba

Dawa nnayo. Mie ndiye mwandishi wa mfalme. Ntamtungia Hamadi nasaba itakayowatoa wazee machozi.

Nimemwambia baada ya somo. Hakucheka.

"Sitaki babu wa kuazima, Suli. Juma ananitosha."

Nikamwambia sawa. Sawa yangu haijawahi kunizuia kitu. Rayya sijamgusia. Atanishukuru harusini.

Jumatano, 15 Oktoba

Hamadi hakuja. Kamwambia Mama hataki kutuletea uzito. Rayya hasemi na mtu. Nimemtania kuhusu nywele zake, hata mto hakunirushia. Mambo mabaya hayo.

Usingizi hauji. Mchana napangusa magari huku midomo inacheza. Bin Khalfan, bin Said, bin Humud. Yule Mkenya tunayefanya naye kazi kaniuliza kama naomba dua. Nikamwambia naumba watu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeharibu.

Majlis ilijaa. Nikasimama nikasema nimeipata nasaba ya Hamadi kwa mzee mmoja wa Qurayyat. Nikaanza na baba yake Juma nikarudi nyuma. Sauti yangu nzuri, wallahi. Wazee wakawa wanatikisa vichwa. Ningekomea babu wa saba, saa hizi Rayya yuko kwa mshonaji. Lakini utamu ulinikolea. Wa nane. Wa kumi. Wa kumi na mbili. Nikamuona Ami karudisha tende sahanini. Sikusimama. Nimefika wa kumi na tano, na huyo nikampa ngome mbili.

Mtu wa mlangoni kumzidi mfalme ndani ya jumba lake. Nimesomeshwa haya. Nimefeli na haya.

Ami kauliza taratibu sana, "Mzee gani wa Qurayyat?"

Sikuwa na jina. Watu kumi na watano nimewazaa, mzee mmoja kanishinda.

Hapo nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Bibi Zuwena, shangazi yake Ami, ambaye husikia anapotaka. "Muache mtoto, Nassor. Baba yako akihesabu tisa. Hao watatu wako walikuja ulipopata cheo."

Mzee mmoja alikohoa ndani ya kikombe. Ami kainuka, katoka nje bila viatu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Rayya kanambia Ami alikuwa akimkataa Hamadi peke yake, sasa kwa ajili yangu atatukataa sote. Kisha kalia. Sikuwa na mzaha wa kumpa.

Mchana Hamadi kanifuata shorumu. Nikajipanga kupigwa. Kumbe katoka kwa Ami, kenda kuniombea radhi, na kumueleza nilikojifunza huo upuuzi. Kamwambia Juma alichuma karafuu za wenyewe, na kabla ya Juma hajui, na hatojua. Ami kamsikiliza akiwa kasimama mlangoni. Hakumkaribisha. Hakumfukuza.

Najiona mdogo. Sijazoea.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ami kapiga simu nimpeleke Maskati, ana shughuli wizarani. Tulipoishika njia ya pwani kaniuliza, wafalme wa Hamadi, wale wa nasaba ndefu, waliishia wapi.

Nikamwambia walikuja wengine kwa meli wakawashinda.

"Hao nao wakajitafutia mababu?"

"Nao, Ami."

Akacheka kwa puani. Tukafika wizarani. Alishuka, akafunga mlango, akainama dirishani.

"Mwambie Hamadi aje kesho. Aje na baba yake. Hao wengine wapumzike."

Ijumaa, 24 Oktoba

Wamekuja. Baba yake Hamadi kanzu mpya, kucha bado zina grisi. Alikaa karibu na mlango. Ami akamuita mbele, ubavuni pake.

Kahawa ikazunguka. Ami akaanza nasaba yake, kama kila mara. Nikaficha mkono chini ya goti, nahesabu vidole. Alipofika wa tisa akachukua kikombe, akanywa.

Nikasubiri wa kumi.

Akakitikisa kikombe kuonyesha kimemtosha, akamsogezea baba yake Hamadi sahani ya halwa.