Sura ya Tisa Inasomwa Redioni

Jumatatu, 1 Julai 2024

Wameisoma tena leo! Riwaya yangu hewani, jioni, mara baada ya tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Didace, mtangazaji, anasoma vizuri yule jamaa. Akifika kwenye maneno ya mzee anakohoa kidogo, sauti inakuwa ya mzee kweli. Nilifunga duka langu la steshenari mapema, nikaenda kukaa kwenye benchi la muuza chipsi, najifanya nasubiri chipsi. Kumbe nataka kuona watu wanavyosikiliza. Mmoja akasema huyo mwandishi anawajua ng'ombe. Nikavimba kichwa, hata njaa ikaisha.

Miaka yote nimebeba vitabu begini — stendi, kanisani, semina za walimu. "Weka hapo, nitasoma." Didace nilimbembeleza mpaka akachoka kuniona mlangoni kwao. Leo mtaani hapa Makanyagio wote wananiita mwandishi.

Halafu nafika nyumbani, mke wangu Kija akanimalizia raha. Anasema baba yake kapiga simu kutoka Ugalla. Mzee Nyanda anakusanya majirani kila jioni uani kwake, redio imewekwa juu ya kinu, wanamsikiliza mkwe wake. Kija anacheka kwa furaha. Nikasema safi sana. Tonge nikalirudisha sahanini.

Ugalla! Sikuiwaza kabisa Ugalla. Kitabu hakifiki kule, na kikifika nani atakisoma? Lakini redio kila mchunga ng'ombe anayo shingoni. Machibya, mjinga wewe. Mjinga kabisa.

Alhamisi, 4 Julai

Mama mkwe amekuja. Ana mtoto wa jicho, kesho wanamfanyia operesheni. Kwa hiyo nimehamia dukani, maana kwa desturi yetu kulala nyumba moja na mama mkwe haiwezekani. Nalala chini, kati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya vitabu ambavyo havijauzika. Chakula nakula nyumbani uani, nimegeukia ukuta. Nikitaka kuingia kuchukua shati nakohoa kwanza, naye anajifunika kanga. Nimeoa siku nyingi, watoto wako shule, na uso wa mama mkwe sijawahi kuutazama vizuri.

Uso wake siujui. Siri yake naijua. Na nimeiuza stendi!

Niandike tu hapa, hakuna anayesoma hapa. Mwaka ule wanahama na ng'ombe kutoka Shinyanga, mzee alishikwa na homa porini. Chakula kikaisha. Mama akajifunga kaniki kama mjane, akaenda vijijini, akawaambia watu mume wake amefariki. Watu wakalia naye. Wakampa unga wa rambirambi. Jioni anarudi porini, anampikia marehemu uji. Kesho yake kijiji kingine, msiba uleule. Mzee akapona, na mpaka leo anaamini unga ule mama aliubadilisha kwa samli.

Kila harusi mzee anasimama: yeye alivuka pori na familia yake, hakuomba kwa mtu. Watu wanampigia makofi. Mama anatazama chini. Maana kwetu kuomba ni aibu, lakini kumzika mume kwa mdomo yupo hai — hiyo ni zaidi ya aibu. Hiyo ni kumtakia kifo.

Alimwambia mtu mmoja tu, Kija, Kija alipokuwa anakaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Kija akanisimulia mimi huku analia. Akasema usimwambie mtu. Na kweli, sikumwambia mtu. Niliandika! Sura ya tisa, "Mjane wa Mchana". Majina nilibadilisha, nikajiona nimemaliza.

Kija hajakisoma kitabu. Alisema atasoma akipata nafasi, nikamnunia wiki nzima. Sasa hivi naomba asipate nafasi mpaka afe. Mungu nisamehe, sikumaanisha hivyo.

Jumamosi, 6 Julai

Operesheni imekwenda salama. Mama mkwe ana bandeji jicho moja, haruhusiwi kuinama wala kukaa karibu na moshi. Kazi yake ni redio. Leo walirudia sura za wiki nzima. Mimi uani na ugali wangu, dirisha liko wazi, nasikia kila kitu.

"Kija, mwambie mkwilima," anasema, yaani mimi mkwe wake, "huyo mama wa kwenye hadithi namhurumia. Mbona ni kama tulitembea naye?"

Kija akaja mlangoni kunipa ujumbe, kana kwamba sikusikia. Nikauambia ukuta, mwambie mayu ahsante, maana ndivyo tunavyomwita mama. Kule ndani mama akacheka. Sijawahi kumsikia anacheka. Akamwambia Kija huyu mkwe ana kichwa, kumbe ng'ombe wake wa mahari hatukuwala bure.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mchana mwalimu Bernadetha alikuja kutoa fotokopi za mitihani. Yeye ni kati ya wale wachache walionunua kitabu na wakakisoma. Anasema sura ya tisa ilimliza, kitu kile nilikitoa wapi? Nikagusa kichwa changu. Kwa kidole! "Kipaji tu, mwalimu."

Kipaji. Nikijikumbuka nilivyosimama pale na kidole kichwani, naona joto masikioni.

Jumatatu, 8 Julai

Nimekwenda redioni kuizuia. Nilijipanga njia nzima juu ya bodaboda: Didace, ruka sura ya tisa, nenda ya kumi, usiniulize sababu. Basi.

Didace alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha. Akasema kaka, unataka kuniua? Hiyo ndiyo sura watu wanaisubiri, ameshaitangaza, hata mwenye duka la dawa za mifugo anayedhamini kipindi amepiga simu kuulizia. Nikasema ina mambo ya watu. Akanitazama. Yeye kakulia Katumba, wazazi wake walikimbia Burundi, mambo ya watu anayafahamu. Akaacha muhogo.

"Mwenye kitabu ni wewe. Ukisema niruke, naruka."

Hivyo tu. Kalamu ameshaishika, anasubiri nitamke. Ilibaki neno moja. Ruka. Mtoto mdogo analiweza.

Nikakohoa. Nikasema hasa sura yenyewe ndiyo nzuri kuliko zote. Akasema ndiyo maana. Nikasema kuna mtu aliniambia ilimliza. Akasema si umeona? Halafu akasema, "Au uje uisome mwenyewe Jumatano? Laivu. Mwandishi mwenyewe, kwa sauti yake."

Na mimi Machibya, mtoto wa watu, mume wa Kija, nikamuuliza: nifike saa ngapi?

Jumanne, 9 Julai

Kija ameninyooshea shati la bluu. Redioni, shati la bluu! Nani ataliona? Anasema hata kama, mtu asiende kihuni. Ameshampigia baba yake. Mzee amesema atachinja mbuzi, majirani wote waje.

Nilijaribu. Nilimwita uani nikaanza, "Kija, hiyo sura ya kesho…" Akanifunika mdomo kwa kiganja, kina harufu ya vitunguu. Usiniambie, usiniharibie, nataka niisikie pamoja na mayu.

Ukweli niseme, nilifurahi kunyamazishwa.

Nimeamua: ukurasa wa rambirambi nitauruka. Nitasoma njaa, nitasoma homa, nitasoma ng'ombe. Kaniki naiacha. Nani atajua?

Jumatano, 10 Julai

Sikuuruka.

Niandike tu. Walinivalisha hedifoni. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, nzito, imetulia, sijawahi kujisikia hivyo maishani. Nilivyofika ukurasa ule niliuona. Vidole vilikuwa tayari kufunua mbili kwa pamoja. Lakini Didace upande wa pili wa kioo alikuwa ameacha kugusa simu, ananitazama mdomo wazi. Nikasoma. Yote! Kaniki, kilio, unga, mama anarudi porini anamkorogea mume uji na kuutia ukwaju kwa sababu bila ukwaju anatapika. Pale pa kulia nikasita kidogo ili watu wapate kulia. Nilisita kwa makusudi, jamani. Mimi ni mtu wa namna gani?

Didace alijifuta macho. Akafungua simu za wasikilizaji. Mama mmoja wa Misunkumilo akanibariki. Kijana mmoja akauliza kitabu kinapatikana wapi, nikataja duka langu. Nikataja na mtaa!

Halafu Didace akasema tuna msikilizaji kutoka Ugalla, karibu, tunaongea na nani?

"Nyanda."

Nyuma yake nasikia watu wengi, na nyama ya mbuzi kama naisikia kabisa, kwa kelele zao. Halafu kelele zikaisha. Mzee akasema, "Mkwe, umesoma vizuri." Nikasema ahsante baba. Didace akaanza kusema labda mtandao. Mzee akasema, "Huo uji wa ukwaju. Ulisikia wapi?"

Laivu. Mkoa mzima wa Katavi.

"Ni hadithi tu, baba. Nimetunga."

Akasema haya. Simu ikakatika. Likaja tangazo la dawa ya ng'ombe.

Nyumbani Kija alikuwa amesimama mlangoni. Redio ameizima, ameishika mkononi. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akasema, "Nilikuambia wewe. Mtu mmoja, wewe."

Nikasema nilibadilisha majina. Akasema, "Nenda dukani kwako, Machibya." Mwaka huu wote hajaniita jina langu. Huniita baba Hana. Ndani hapakuwa na sauti yoyote, hata ya kikohozi.

Nimekaa hapa na maboksi yangu. Wamekuja watu wawili kununua kitabu. Niliwauzia, nikawasainia.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeitwa. Kija alinipigia, maneno machache: mayu anakutaka. Nikasema yeye mwenyewe? Akakata.

Nilifika nikakohoa. Pazia la chumbani limeshushwa. Kija amesimama jikoni amenipa mgongo, anachambua mchele ambao ameshauchambua, naona kabisa ni msafi. Nikataka kugeukia ukuta kama kawaida.

"Mkwilima, keti."

Yeye mwenyewe! Si kwa kupitia Kija. Sauti ilitoka nyuma ya pazia, karibu, mwanamke mzima anaongea na mkwe wake kana kwamba desturi imeisha jana saa kumi jioni. Nikakaa chini sakafuni. Kiti sikukiweza.

Nikaanza, mayu nisamehe. Akasema subiri, hajaniitia hayo, ya msamaha yana siku yake. Mzee amepiga simu asubuhi. Amesema neno moja, nakuja. Hakuuliza jicho linaendeleaje. Amepakiwa kwenye bodaboda, na yule hajawahi kupanda bodaboda, anaziita wazimu.

Halafu:

"Majirani wale walikuwa wanakula nyama yake. Walimtazama anapiga ile simu. Unaelewa?"

Naelewa, mayu.

"Miaka yote nilitafuta siku ya kumwambia. Ukiona siku nzuri, unasema nisiiharibu. Ukiona mbaya, unasema nisiizidishe. Wewe umemwambia mbele ya watu, na mbuzi."

Nilikuwa nalia, lakini kimyakimya, maana hata kulia niliona ni kujikosha.

"Sasa sikia," akasema. "Yule mama wa kwenye kitabu ana maneno. Kila akifungua mdomo anasema sawasawa. Mimi sina. Nikimwona mzee nitanyamaza tu, najijua. Niandikie. Andika nitakachomwambia, Kija anisomee nikishike kichwani kabla hajafika. Wewe si unaweza?"

Nikasema naweza. Nikatoka uani na daftari hili, maana ndilo lililokuwa mfukoni.

Siwezi.

Kitabuni hakumwambia! Nimekaa hapa nakumbuka vizuri. Sikujua wangeongea nini wakikutana, nilikaa na ukurasa ule wiki tatu, nikachoka, nikamuua mume. Sura ya kumi, ukurasa wa kwanza, homa inarudi na anakufa, yule mama anajifunga kaniki kweli na wasomaji wanalia. Niliona ni ufundi. Mwalimu Bernadetha alisema ni ufundi. Na sura ya kumi Didace anaisoma leo jioni! Mzee anazikwa tena, na mimi nimeshampigia Didace mara nne, simu haipokelewi.

Nimeandika: Mume wangu. Nimefuta. Mama wa kwenye kitabu humwita hivyo, huyu hajawahi, humwita baba Kija.

Baba Kija, nilikuwa na njaa. Hapana. Hakuwa na njaa kwa ajili yake mwenyewe.

Baba Kija, wewe ulikuwa

Kija amekuja kusimama karibu yangu. Hanitazami. Amenyoosha mkono anataka karatasi. Nimemwambia bado kidogo. Mama anauliza kwa ndani kama tayari. Kuna bodaboda imekata kona dukani kwa Mpemba, inakuja huku taratibu, kama dereva aliyeambiwa asikimbize. Imezima. Mzee anamwambia dereva asiondoke, amsubiri.

Baba Kija,