Nafasi ya Dezire Kikosini

Kocha Renovati,

Mwaka umepita tangu tukuzike, na kusema kweli sijakuombea ipasavyo. Siku ya mazishi wenzangu walisimama mmoja mmoja wakakusifu. Mimi nilipoitwa nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua, Kocha. Nilikuwa na hasira, na maneno niliyokuwa nayo mtu hayasemi mbele ya jeneza wakati mjane amekaa mkekani. Leo nayasema. Uko mahali huwezi kunikatiza, na wewe kwa kukatiza watu ulikuwa hujambo.

Nianze na habari. Timu ipo. Uwanja wetu wa vumbi nyuma ya reli umewekewa uzio, sasa tunaomba ufunguo kwa mlinzi mmoja anayetaka tumwite mwenyekiti. Nahodha amehamia Cape Town. Mkeo bado anauza chai na mandazi pale Joubert Park. Amekonda, lakini ukijaribu kumhurumia anakufokea. Filimbi yako alinipa mimi. Wazee wa timu wakasema, "Zabroni, umekaa naye miaka sita, shika." Basi fundi viatu wa Doornfontein leo ndiye kocha, na ungekuwapo ungecheka mpaka ukae chini.

Kikosi bado nakipanga Alhamisi, kwenye sakafu ya karakana yangu, kwa viatu. Sijui kama kuna timu nyingine duniani inayopangwa hivyo. Ulianza wewe, kwa sababu wiki nzima viatu vya wachezaji vilikuwa kwangu vikingoja gundi na uzi. Ulichukua kimoja cha kila mtu ukavipanga kama uwanjani: cha golikipa karibu na mlango, vya mabeki mbele yake, mpaka cha mshambuliaji kule kwenye ndoo ya maji. Ukatembea katikati yake mikono mgongoni, mwalimu wa shule uliyekimbia Burundi bila hata chaki, ukisogeza hiki, ukigeuza kile. Vilivyobaki vililala chini ya cherehani. Ijumaa vijana walipokuja kuchukua vyao, macho yao yalitangulia sakafuni kabla ya salamu.

Na kwa vijana ulikuwa na sheria moja, nami nikaipenda kuliko zote. Mechi tano. Kijana akipewa nafasi, anacheza mechi tano mfululizo, dakika zote, hata akiharibu. "Dakika kumi humwoni mtu," ulisema. "Unaona woga wake tu." Wa kwanza niliyemshuhudia ni Trezo, yule Mkongo mwembamba. Mechi ya kwanza alijifunga. Ya pili alipoteza kila mpira, mashabiki wakakutukana kwa Kilingala, Kirundi na Kiswahili, ukabaki umekunja mikono. Ya nne akaanza kuruka kama amefunguliwa kamba. Mpaka leo hakuna anayethubutu kugusa nafasi yake.

Hata Sadiki, mtoto wa dada yangu, alipata tano zake. Nikuambie ukweli sasa, kwa kuwa ulikuwa unauona ukanyamaza kwa heshima yangu: Sadiki miguu yake ni kama yangu, na mimi ni fundi viatu. Ukampa tano nyingine.

Na Dezire?

Mwanao wa kumzaa, aliyekuja mjini hapa mgongoni kwa mama yake, unamsemesha Kirundi anakujibu Kizulu. Mguu wa kushoto ule! Mpira ulimfikia kama umetumwa kwake. Alikuwa na miaka kumi na sita, na wachezaji wenye ndevu walikuwa wanamtafuta kwa macho kabla ya kutoa pasi. Ulimwanzisha mechi mbili. Ya pili akafunga goli la umbali ule, watu wakaingia uwanjani kumbeba.

Ndipo mimi nikafungua mdomo.

Sisi wa Kigoma na ninyi wa ng'ambo ya mpaka tunataniana tangu zamani, hilo halikuwa jipya. Wewe ulikuwa unaniambia Waha tunakula dagaa mpaka kwenye ndoto. Siku ile, timu nzima imekaa chini inakunywa maji, nikasema kwa sauti: "Warundi jamani! Umewapa filimbi tu, keshokutwa timu yote ni familia. Baba kocha, mwana namba kumi, na mama tutamkuta golini!" Watu wakacheka mpaka maji yakawatoka puani. Wewe pia ulicheka, nilikuona kwa macho yangu. Dezire naye alicheka.

Alhamisi iliyofuata ukachukua kiatu chake pale katikati ya sakafu, ukakiweka chini ya cherehani. Mahali pake ukaweka cha Sadiki.

Nilidhani unanijibu utani. Nikangoja wiki, nikangoja mbili. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wanasema, na mimi niliuona ule usaha mapema sana, usidhani sikuuona. Nilijua unachoogopa. Baada ya fujo za 2008 za kuwafukuza wageni, nusu ya timu iliposambaa, wengine kwenye mahema, wengine wakarudi makwao, wewe ndiye uliyezunguka Joubert Park ghorofa kwa ghorofa ukiwaomba warudi. Uliwaapia Wakongo na Watanzania kwamba hakuna atakayesema timu hii ni ya Warundi. Kiapo kile kilituokoa. Kisha ukamtandika mwanao juu yake kama mkeka, ili wote tupite bila kuchafuka.

Nami nilinyamaza. Andika hilo pia huko uliko. Nafasi ilikwenda kwa mtoto wa dada yangu, na dada alikuwa ananiletea pilau kila Jumapili. Mdomo uliosema utani haukuweza kusema neno moja la maana: Kocha, nilikuwa natania, mrudishe mtoto.

Nilikuja kusema miaka miwili baadaye, siku ya yule mtu wa klabu kubwa, aliyekuwa anazunguka kutafuta vijana. Tulijua wiki nzima kwamba anakuja. Nikakushika mkono nikakuomba, mwanzishe Dezire, mara hii tu. Ukanijibu maneno ambayo bado yananichoma: "Watu watasema nini? Si wewe ulisema?" Nikakuita mwoga. Ukaniambia nishone viatu. Mtu mzima na mtu mzima, tukapigiana kelele mpaka jirani anayechomelea milango akazima mashine yake asikilize.

Ulimwingiza zikiwa zimebaki dakika nane. Yule mtu alikuwa ameshaondoka. Niliona gari lake likingoja kwenye robot, zile taa za barabarani, mwanao akikimbilia mpira wa kwanza. Baada ya mechi Dezire aliosha viatu vyake bombani, taratibu, akavifunga kamba pamoja. Akakuambia, "Sharp, Papa," kama mtu anayesema sawa. Hakurudi tena mazoezini, wewe hukumfuata, na miezi mitatu baadaye kiharusi kikakuangusha ukipanda ngazi za nyumbani kwako. Mtoto ambaye hukumwamini na nafasi ya kiungo ndiye aliyekubeba kukushusha ghorofa nne, lifti ikiwa mbovu.

Nina uchungu nawe, Renovati. Nimejaribu kusema ulikuwa na sababu. Ulikuwa nayo, tena nzuri, ndiyo maana inauma zaidi. Watoto wa watu wote uliwapa haki yao, wako ukamdai uvumilivu. Uliita uadilifu. Mimi naita kutaka kusifiwa, na tulikusifu kweli, hata kaburini.

Mwezi wangu wa kwanza nilimtoa Sadiki. Dada yangu hajanipigia simu mpaka leo, na pilau nimeisahau. Kisha nikaenda kumtafuta Dezire. Anafanya kazi ya kuosha magari upande wa Newtown, ana miaka ishirini, amepanuka mabega, unaweza kudhani ni wewe kwenye ile picha yako ya ualimu. Nikamwambia nafasi ipo, yake, si ya majaribio. Akaendelea kusugua tairi. "Eish, Uncle. Ya nini sasa? Nilikuwa naitaka akiwa anaangalia."

Nilitaka kuondoka. Akaniuliza, bado ameinama: "Papa aliwahi kusema mimi nachezaje?"

Unakumbuka ulichosema, Kocha. Jioni moja, umekaa kwenye stuli yangu, umeshika kiatu chake unakigeuzageuza, ukasema kwamba katika maisha yako yote, Burundi na huku, hujaona mchezaji kama yule, na kwamba ukimtazama unasahau njaa na safari yote. Ulikuwa na machozi. Uliniambia mimi. Fundi viatu!

Nikamwambia yote, neno kwa neno, sikupunguza. Nilidhani namletea zawadi. Akasimama wima, sabuni inamchuruzika mikononi. Akasema, "Kwa nini alikuambia wewe?"

Ningekuwa na jibu la hilo nisingekuandikia. Nikamwambia kwamba utani ule ulikuwa wangu na kimya kile kilikuwa changu, na kwamba kama anataka mtu wa kumchukia, mmoja bado yuko hai na karakana yake anaijua. Akasema gari linalofuata limefika, ana kazi.

Jumamosi hii naanzisha vijana watatu. Mmoja ni Mrundi, wawili ni Wakongo, na watu wameshaanza kunong'ona pembeni kwamba Zabroni amewasahau Watanzania wenzake. Acha waseme. Ahadi ninayokupa ni ndogo, nawe hukuiweza: kijana nikiona anacheza vizuri, nitamwambia yeye, siku hiyohiyo, usoni, hata kama mama yake ni dada yangu, hata kama ni wa kwangu mwenyewe. Na kwa Dezire nitarudi. Akinifukuza nitarudi tena, si kwa ajili ya mpira.

Pumzika, Kocha. Mkeo anakusalimu, wachezaji wote wanakusalimu, Trezo kipekee. Mwanao hakunituma salamu, na mimi sitakudanganya kwamba alinituma.

Zabroni